Bachu Hakuitika

Mnakuja kwangu na simu. Mnakaa, mnafungua picha yenye visanduku na mistari, mnasema, "Bibi, tunapanga ukoo kwenye grupu la familia, babu wa nne tumwandike nani?" Kabla sijameza funda la chai mmeshatazama saa, maana gari la Dar es Salaam linapiga honi kule barabarani. Wengi wenu nimewajibu kwa mkato, mkaondoka, nikabaki najilaumu. Sasa nimeamua kuandika. Mkija tena nitawapa karatasi hizi mkasomee ndani ya gari.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwanaidi, ila Kibiti nzima inaniita Bi Karani. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu. Mashauri ya wizi na ugomvi wa mipaka yalikuwa ya wenzangu. Yangu mimi yalikuwa mirathi. Mtu akifa lazima ijulikane alizaliwa na nani, ameacha nani, na ni nani anajipenyeza tu. Nimechora koo za watu kuanzia Mtawanya mpaka visiwani kwenye mikoko, na hata baada ya kustaafu watu hawakuacha kubisha hodi. Wanataka kujua walikotoka. Wakishajua wanaondoka, na nyumba inabaki na mimi na redio.

Nianze na aibu yangu ndogo, ile kubwa itafuata.

Mwaka wangu wa kwanza kazini karani mkuu alikuwa Mzee Mtupa, Mndengereko mfupi ambaye miwani yake ilishikizwa kwa uzi wa kushonea. Akanipa majalada matano ya watu wa delta, vile visiwa vya mikoko, niyaandalie ukoo. Nikayakalia wiki mbili, nikagundua jambo ambalo niliona litanipandisha cheo: familia zote tano zilitokana na mtu mmoja aitwaye Abdallah. Nikaziunganisha kwenye karatasi ya manila, nikapaka na rangi, nikampelekea kichwa kimenivimba.

Mzee Mtupa aliitazama ile manila kwa muda mrefu. "Binti," akasema, "huyu Abdallah wako kazaa Salale, kazaa Mbwera, kazaa Maparoni, tena karibu wote mwaka mmoja. Alikuwa anakula nini?"

Ofisi nzima ilicheka, hata mshtakiwa aliyekuwa benchini akisubiri kuitwa. Kisha akanieleza jambo ambalo nanyi mlishike. Hapa pwani, mtu aliyeingia Uislamu akiwa mkubwa, na baba yake hakuwa Mwislamu, akiandikwa huwekwa "bin Abdallah". Pengine alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, pengine mtu wa bara aliyekuja kukata boriti, pengine yeyote yule. Baba yake wa kumzaa amebaki upande wa pili wa jina hilo, na hakuna karatasi itakayokuvusha.

"Ukimkuta bin Abdallah," Mzee Mtupa akaniambia, "weka kalamu chini, vaa viatu."

Nilimwitikia vizuri sana, na kwa miaka mingi nilifanya hivyo. Mara moja tu sikuvaa viatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Lakini kwanza niwape ya kazini, maana najua mtaruka kurasa. Msianze na mzee wa ukoo. Mzee wa ukoo atawaambia babu yenu alitoka Uarabuni na upanga wake, na mkimwuliza upanga uko wapi atasema ulichukuliwa na mafuriko. Anzeni na mwanamke aliyeolewa katika ukoo huo. Yeye aliingia mgeni, akalazimika kujua nani hasemi na nani na kwa nini, na hajasahau hata moja. Msimwulize mtu alizaliwa mwaka gani. Mwulizeni, watu walipohamishwa kutoka bondeni kwenda vijijini, yeye alitembea au alibebwa? Kama alibebwa, na nani? Hapo mtapata umri, na mtapata na shangazi. Na mkikuta Saidi Mkumba Saidi Mkumba, msidhani kalamu ya karani iliteleza. Mjukuu hurithi jina la babu, ndiyo maana majina yanapanda na kushuka kama ngazi.

Kisha kuna watani. Siku hizi mnadhani utani ni kuchekana kuhusu timu za mpira. Kila ukoo huku una watani wake, watu wenye haki ya kuja msibani, kushika kazi, na kumsema marehemu na wafiwa mbele ya umati bila mtu kukasirika. Ukoo huchambua habari zake kama mchele kabla ya kumpikia mgeni. Yale mawe yaliyotupwa, mtani anayo yote. Mimi nikikwama katika ukoo wa mtu, nilikuwa nawatafuta watani wake.

La mwisho ni daftari. Mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, jamaa hukutana kurehemu wazee wao. Huandaliwa chakula, husomwa Kurani, kisha majina ya marehemu husomwa mmoja mmoja kutoka kwenye daftari la shule linalokaa sandukuni pamoja na msahafu. Hakuna ofisi yenye rejista safi kama hiyo. Nikifika nyumba ya watu, baada ya salamu na chai, nilikuwa naomba nionyeshwe daftari.

Sasa Mzee Pranlal.

Alikuwa na duka la vifaa ng'ambo ya barabara kuu: misumari, bawaba, majembe, kamba za katani. Baba yake ndiye aliyelifungua. Zamani upande ule walikaa Wahindi watupu, Waislamu na Wahindu, mlango kwa mlango. Mmoja mmoja wakahamia Dar es Salaam, wengine ng'ambo, akabaki yeye. Mkewe alikuwa amefariki na binti yake, Hansa, yuko Uingereza. Mimi sikujaaliwa mtoto, na mume niliyekuwa naye aliniacha kwa sababu hiyo hiyo, akaenda kupata watoto Ikwiriri. Nilikuwa nakwenda kwa Mzee Pranlal kununua misumari ambayo sikuwa na ubao wa kuipigilia. Yeye naye alikuwa ananipimia polepole. Hatukuwahi kuambiana kwa nini.

Ijumaa moja mchana, watu wakiwa msikitini na duka kimya, alitoa karatasi ndefu iliyokunjwa kunjwa. Hansa alikuwa ameipanga kwenye kompyuta akamtumia. Vizazi saba. Wa kwanza alikuwa wa kijiji karibu na Porbandar. Mwanawe akavuka hadi Unguja, mjukuu akaenda Kilwa, kitukuu akafungua duka Mohoro, anayefuata akaja Kibiti, naye ndiye baba yake Mzee Pranlal. Kuanzia hapo mstari ulivuka maji tena kwenda Uingereza. Niliisifu, maana kazi nzuri naijua nikiiona.

"Tazama hapa," akasema, akiweka kidole chini ya jina la baba yake. Palikuwa na jina moja tu, lake. "Mtoto wangu ameandika nilizaliwa peke yangu. Ameandika hivyo kwa sababu mimi nilimwambia hivyo."

Halafu akaniambia. Alikuwa na kaka, Vallabh, aliyempita miaka mingi, aliyekuwa akimbeba mabegani kumpeleka mtoni. Nyumbani mtoto alikuwa Pranlal, lakini Vallabh alimwita Bachu, na hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Baba yao alikuwa na duka dogo la pili delta, akinunua mpunga na boriti za mikoko, akampeleka Vallabh kulisimamia. Vallabh akampenda binti wa wakata mikoko. Akasilimu, akamwoa.

"Baba akamfanyia matanga," Mzee Pranlal akasema. "Mtu mzima, anakula na kulala, sisi tunamfanyia matanga. Jamaa walikuja mpaka kutoka Kilwa. Walininyoa kichwa. Nilikuwa na miaka minane. Nikamwambia baba, lakini kaka yuko hai. Akanipiga kofi. Kuanzia siku hiyo jina lake halikutajwa."

Nilidhani amemaliza. Akachukua msumari mmoja kwenye sahani ya mizani, akaurudisha.

"Alikuja, Bi Karani. Mwaka uliofuata alikuja hapa hapa, amevaa kanzu na kofia. Akasimama pale unaposimama wewe. Akamwomba baba kiberiti. Baba akasema hakuna, na viberiti vilikuwa nyuma yake vimepangwa. Mimi nilikuwa chini hapa, nachagua misumari. Kaka akainama akaniona. Akasema, Bachu. Unajua hapa pwani, mkubwa akikuita unaitika naam, hata sisi tulilelewa hivyo. Sikuitika. Akaita tena, Bachu. Nikainamisha kichwa nikaendelea na misumari. Akaondoka."

Alitaka kujua kama kaka yake aliacha mtu. Hakuwa na haja nyingine. Alisema kama yupo hata mmoja, atamwambia jambo hilo kabla hajafa, na kama hayupo, basi litakufa naye.

Nikamwahidi. Alijua kaka yake alipewa jina Abdallah, ila kisiwa gani hakujua, maana lile duka la delta liliuzwa na baba hakutaka hata mahali pake patajwe. Nikaenda kwa wenzangu mahakamani, nikaomba kupekua majalada ya zamani. Siku ya tatu nikakuta: Abdallah bin Abdallah, mkazi wa delta, mwenye duka, amefariki, hakuacha mke wala mtoto. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikafunga jalada.

Sikilizeni vizuri hapa. Jalada halikusema Mhindi. Aliyesema Mhindi ni mimi, kichwani mwangu. Kauli ya Mzee Mtupa niliikumbuka, naapa niliikumbuka, lakini kuvaa viatu kulimaanisha kwenda Nyamisati na kupanda boti, na mimi ni mtu wa nchi kavu. Maji nayaogopa. Nikipanda boti natapika mpaka nyongo, na siku hizo goti lilikuwa linaniuma. Nikajiambia mwenye duka, bin Abdallah, delta, watakuwa wangapi? Nikaenda kumwambia Mzee Pranlal kwamba kaka yake alikufa hana mtoto.

"Basi," akasema. Akanimiminia chai. Hakulitaja tena, na mimi niliendelea kununua misumari.

Ilipita miaka tisa.

Kisha akafa mzee mmoja Mtawanya, nikaenda kuzika. Watani walikuwapo, wakiongozwa na mama mmoja mnene mwenye sauti ya mnada. Alilala mbele ya jeneza akasema halipiti mpaka marehemu aeleze alimficha wapi kuku wake. Watu wakacheka na machozi yao. Alipowamaliza wafiwa wa karibu, akawageukia waliotoka mbali, akamnyooshea kidole mama mmoja mzee, mwembamba, aliyekaa kimya mkekani.

"Na wewe Mwajuma wa Maparoni, unalia nini? Mjukuu wa Baniani wewe! Baba yako kaja kwetu hali hata yai. Mama yako kampikia kamba wa nazi siku moja tu, kamtafuna na kichwa chake, kasahau kwao!"

Yule mama mzee akacheka akajifunika uso na khanga. Mimi sikucheka.

Baada ya maziko nikamsogelea. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwuliza baba yake jina lake nani.

"Abdallah bin Abdallah," akasema. "Kwa nini, mwanangu?"

Wiki ile ile nilipanda boti Nyamisati. Nilitapika mara mbili. Bi Mwajuma alinipokea barazani kwake, upande wa gati, akanipa maji ya dafu, hakuniuliza shida yangu mpaka rangi iliponirudi. Nikaomba daftari. Akamtuma mwanawe Rashidi, mtu mzima mwenye mvi, akalitoa sandukuni. Lilikuwa limenakiliwa upya mara kadhaa, kama kawaida, kila daftari likichakaa watu hununua jingine. Nikasoma. Abdallah bin Abdallah. Somoe binti Mkumba, ndiye mama. Watoto wawili waliotangulia. Wajomba, mashangazi wa upande wa mama, ukoo mzima wa wakata mikoko. Mwisho kabisa, peke yake, bila bin wala binti: Bachu.

Nikauliza huyu ni nani.

"Hatumjui," Bi Mwajuma akasema. "Baba ndiye aliyemtia. Mwalimu wa madrasa wa wakati ule alimwuliza, huyu Bachu ni nani, ni Mwislamu? Baba kasema, ni mtoto wa kwetu, mdogo, hana kosa. Mwalimu kaandika. Sisi tukadhani ni mtoto wao wa mwanzo, kafa mchanga. Siku moja nilimwuliza baba, huyu kafa lini? Kasema, sijui kama kafa. Wewe soma tu. Itamfikia alipo."

Kwa miaka zaidi ya sitini, kila Shaaban, watu wa Maparoni walikuwa wakimwombea rehema mwuza misumari wa Kibiti.

Nilimweleza Bi Mwajuma yote, pamoja na kiberiti na lile jina lililoitwa mara mbili. Alilia kidogo. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu Mtawanya: "Na umelijua hili tangu lini, kwamba ananitafuta?" Nikamwambia, miaka tisa.

Nilirudi Kibiti, na ilinichukua siku tano kuvuka barabara. Nilikuwa nasimama dirishani naliona lile duka, narudi kukaa. Hakuna kitu kibaya kama kuwa na neno la kumwambia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ndiye unayemwogopa. Kama ningekuwa na dada au mume ningemwambia kwanza yeye, akanipa moyo. Nilikuwa na redio.

Siku ya sita nikaenda. Mzee Pranlal alikuwa kwenye kiti, mkongojo wa miguu minne mbele yake. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi ya dukani miezi michache nyuma, na nyonga haikupona. Hansa alikuwa anakuja Jumamosi ile kumchukua moja kwa moja. Rafu zilikuwa nusu tupu.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Niliposema Maparoni akafumba macho. Niliposema daftari akayafumbua.

"Ulikosea," akasema.

"Sikukosea, Mzee. Nilikaa kwenye kiti. Ningekwenda nikakosa njia, hapo ningesema nimekosea."

Akausogeza mkongojo pembeni. "Miaka tisa, Bi Karani. Miaka tisa nimeamka nikafungua duka hili, sina mtu. Na mtoto wa kaka yangu alikuwa hapo, safari ya nusu siku." Hakupaza sauti. "Nenda nyumbani."

Nikaenda. Kesho yake lile duka halikufunguliwa, wala kesho kutwa. Nilipika wali siku ile ya pili, nikautazama, nikampa jirani. Nawaambia hili ili mjue kwamba katika kazi hii unaweza kuua kitu cha mtu bila kumwaga damu, kwa kulihurumia goti lako tu.

Jumatano akaja kijana wa bodaboda. "Bi Karani, Mzee Pranlal anakuita. Kasema uje na simu yako, ile inayoshika mtandao."

Nilimkuta amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe. Hakunisalimia. "Wanasoma lini?" akauliza. Shaaban ilikuwa imeshaingia; nikamwambia, kesho, Alhamisi, baada ya alasiri. Boti asingeweza, hata ngazi ya mlango wake alikuwa anashushwa na watu wawili. "Basi wapigie," akasema. "Nataka kusikia."

Alhamisi tulikaa nyuma ya kaunta, milango imefungwa, mwanga ukiingia kwenye matundu ya bati. Rashidi alishika simu kule barazani, upande wa gati ambako mtandao unapatikana. Niliweka sauti ya juu nikailaza simu kwenye sahani ya mizani. Tulisikia Yasin, tulisikia kuku, tulisikia mtoto akikatazwa. Kisha mwalimu akaanza majina.

Abdallah bin Abdallah. Mzee Pranlal akaweka kiganja mezani. Somoe binti Mkumba. Majina yakaendelea, marefu, ya watu aliokuwa na undugu nao bila kuwajua, na kila jina alikuwa analirudia kwa midomo bila sauti. Orodha ilipokaribia mwisho akajivuta kwenye kiti, akakaa wima.

"Na Bachu," mwalimu akasoma.

"Naam," Mzee Pranlal akasema.

Kule Maparoni wakanyamaza wote. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha tukasikia sauti ya mwanamke mzee, karibu kabisa na simu.

"Baba mdogo?"

"Naam," akasema tena.

"Baba mdogo, shikamoo."

Ilikuwa sauti ya bibi wa miaka zaidi ya sabini, mwenye vitukuu. Mzee Pranlal akasema, "Marahaba, mwanangu," akaanza kulia, na mimi nikatazama majembe.

Waliongea mpaka chaji ikakaribia kwisha. Alimwambia habari ya misumari, yote, kama alivyoniambia mimi. Bi Mwajuma alisikiliza bila kumkatiza, kisha akasema, "Baba hakukukasirikia. Angekukasirikia asingekutia humu." Mwishoni mwalimu akachukua simu, akauliza kwa adabu, sasa kwa kuwa Mzee ni mzima, jina walifute?

"Msifute," Mzee Pranlal akasema. "Mmenisoma nikiwa hai. Nikifa ndiyo mniache?"

Kabla sijaondoka alinitaka nilete kalamu. Akafungua ile karatasi ndefu ya Hansa, na chini ya jina la baba yake nikachora mstari wa pili, kwa mkono, wino wa bluu. Nikaandika Vallabh, Abdallah bin Abdallah. Chini yake nikaandika Mwajuma na ndugu zake, na Rashidi, na watoto wa Rashidi, mpaka nafasi ikaisha na nikageuza upande wa nyuma. Hakuniambia amenisamehe. Alinifungia kikaratasi cha misumari, nikakipokea.

Jumamosi gari lilimchukua. Duka siku hizi ni la vocha na vifuniko vya simu. Alifariki kule mwaka uliofuata. Hansa alinitumia ujumbe wa mistari miwili. Niliusoma nimesimama barabarani, nikatazama ng'ambo kwa mazoea. Halafu nikavaa viatu, nikaenda Nyamisati, nikapanda boti. Taarifa kama hiyo haipigiwi simu.

Tangu hapo nakwenda Maparoni kila Shaaban. Natapika, napewa dafu, nasikiliza majina. Mwaka huu, watu walipokuwa wakikunja mikeka, Bi Mwajuma aliniuliza kutoka mlangoni kwake, "Karani, kwenu anasoma nani?"

Nikamwambia kwetu hakuna wa kusoma. Nilizaliwa peke yangu, sikuzaa, na daftari la mama yangu lililiwa na mchwa nikiwa kazini, nachora koo za watu. Sijawahi kulisema hilo kwa sauti. Bi Mwajuma akamwita Rashidi alete daftari na kalamu. Akaniuliza jina la baba yangu, nikamtajia. La mama, nikamtajia. Kalamu ya Rashidi haikusimama. Nilichungulia juu ya miwani nikaona anaandika mstari wa tatu.

"Mimi bado mzima," nikasema.

"Na Bachu alikuwa mzima," Bi Mwajuma akajibu. "Mwalimu, hebu lisome hilo, tuone kama limeandikwa sawa."

Mwalimu akavaa miwani yake upya. Mara ya mwisho jina langu kusomwa mbele za watu ilikuwa kwenye orodha ya wastaafu.

"Mwanaidi binti Shomari," akasoma, wote wakanitazama.

"Abee," nikasema.